Karatasi ya Kijani

Wenye watoto sogeeni karibu, na wasio nao wasiende mbali, maana yaliyomfika Bi Mwatumu yanaweza kumfika yeyote mwenye jina na kidole gumba.

Palikuwa na nchi. Jina lake halitajwi hapa, si kwa uchoyo, ila kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambayo haijatangazwa. Ilikuwa nchi nzuri sana. Serikali yake iliwapenda watu wake hata ikaona haya kuwalazimisha jambo. Kwa hiyo kila kitu huko kilifanywa kwa hiari. Watu walifagia barabara kwa hiari kila Alhamisi, na asiyefagia alipelekwa kufagia barabara ndefu zaidi. Walisimama juani kwa hiari kumpungia mgeni wa taifa, hata kama mgeni mwenyewe alikwisha pita jana yake. Walipiga makofi kwa hiari, na palikuwa na mtu wa kuhesabu nani kapiga mangapi.

Kila hiari ilikuwa na karatasi yake ya kijani, yenye maandishi mengi juu na mahali pa sahihi chini kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza alifundishwa kutia sahihi kabla ya kufundishwa kusoma. Walimu walisema hivyo ndivyo inavyofaa, kwani mtoto akitangulia kusoma huwa mzito wa kusaini.

Bi Mwatumu alikuwa raia wa nchi hiyo, tena raia mwema. Alisoma mpaka darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi ya mkaa mashati ya wakubwa. Aliwajua wakubwa kwa kola zao. Kola ya mkubwa mpya ilikuwa safi, ya mkubwa wa muda mrefu ilikuwa na mafuta, na ya mkubwa aliyekaribia kufukuzwa ilichakaa upande mmoja, kwa kugeuka geuka kutazama nani anakuja nyuma. Wanga wa kola aliupika mwenyewe kwa unga wa muhogo, na sifa zake zilijulikana mpaka kwa majaji.

Lakini alikuwa mtu wa wasiwasi. Mlango ukigongwa, husema "Tumefanya nini?" kabla ya kusema "Karibu."

Wasiwasi huo ulianza siku aliyojua kwamba mwanawe wa pekee, Siwatu, ni mashoto. Majirani walimwambia amfunge mkono ule wa kushoto angali mdogo. Akaufunga kwa kipande cha khanga. Mtoto akakaa wiki nzima anatazama chakula, hali. Siku ya nane Bi Mwatumu akafungua fundo akasema, "Kula kwa mkono wowote, mradi ule." Tangu siku hiyo alikuwa akingoja kulipizwa, hajui na nani.

*

Aliyemlipiza alikuwa Bwana Shabuka.

Siwatu alikuwa ameajiriwa Idara ya Mihuri ya Taifa, dirisha namba nne, kugonga vyeti vya kuzaliwa. Katika nchi ile mtu ambaye hajagongwa muhuri alihesabiwa hajazaliwa bado, hata awe na ndevu. Siwatu aligonga vyeti mia tatu kabla ya saa sita mchana, wakati wenzake waligonga themanini wakaagiza chai. Watu walipanga foleni dirisha lake mpaka nje, na madirisha mengine matatu yakiwa wazi hayana mtu.

Ndipo akaja Mkurugenzi mpya, Bwana Shabuka, ametoka semina ya siku saba ya adabu ya vifaa vya ofisi. Siku ya pili tu akatoa Waraka wa Mkono, akausoma mwenyewe kwa kipaza sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na wote walikuwa wanamwona.

"Kwa kuwa muhuri ni heshima ya taifa," alisema, "na kwa kuwa heshima haitolewi kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa hata mgeni hatumpi kikombe kwa mkono huo, basi kuanzia leo chochote kilichogongwa, kilichoandikwa au kilichotiwa sahihi kwa mkono wa kushoto si kitu cha serikali, wala hakihesabiki."

Makofi ya hiari yakapigwa, yakahesabiwa.

Watoto elfu kadhaa waliogongewa na Siwatu wakarudi kuwa hawajazaliwa. Wengine walikuwa wamekwisha fika darasa la pili, ikabidi watolewe darasani taratibu wasije wakashtuka. Siwatu naye akapewa barua ya kumshukuru na kumpa mapumziko ya heshima yasiyo na mwisho. Dirisha namba nne akawekwa kijana wa shemeji yake mtu, anayegonga vyeti arobaini kwa siku, ishirini kati ya hivyo kichwa chini miguu juu. Ila mkono ulikuwa wa kulia.

Sasa kuna jambo moja ambalo Bi Mwatumu alilijua na hakulisema. Mashati ya Bwana Shabuka aliyapiga pasi yeye. Na kila wiki, mkono wa shati uliokuwa na wino kwenye pindo ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mweupe kama maziwa. Bi Mwatumu alisugua ule wino kwa ndimu, akanyamaza. Mpiga pasi anayesema ya mashati hapewi mashati.

*

"Mama, nitashtaki," Siwatu alisema jioni ile, amekaa juu ya kirobota cha nguo.

"Utamshtaki nani?"

"Idara."

"Idara ya nani?"

"Ya serikali."

"Na mahakama ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Basi unataka serikali ijichape yenyewe. Wewe umeona wapi?"

"Kuna sheria ya ubaguzi kazini. Imeandikwa. Nimeisoma."

"Sheria ipo, sikatai," Bi Mwatumu alisema, akapuliza mkaa wa pasi. "Hata kisima cha jirani kipo. Lakini ndoo ni yake."

Siwatu akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Mama, ile kazi naijua. Nikikaa dirishani pale, mikono yangu inajua inachofanya. Sitaki fidia. Nataka dirisha langu."

Bi Mwatumu alimtazama akaona uso ule ule wa mtoto aliyekuwa anatazama sahani bila kula. Akamwambia tu aende na khanga ya pili, mahakamani kuna baridi.

*

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri mno. Ilisema aliyebaguliwa kazini aende mahakamani ndani ya siku tisini, na siku ya tisini na moja mlango unafungwa. Ibara iliyofuata ikasema asithubutu kwenda mahakamani kabla hajamaliza ngazi zote za malalamiko maofisini. Na kanuni za ngazi zikasema malalamiko yasichukue chini ya siku mia moja na ishirini, yasije yakafanywa haraka yakaharibika. Waliotunga vifungu hivyo walikuwa watu watatu tofauti, na kila mmoja alivishwa nishani.

Ngazi ya kwanza ilikuwa kumlalamikia Bwana Shabuka kwa Bwana Shabuka. Ilitakiwa mlalamikiwa athibitishe kwa maandishi kwamba amelalamikiwa vizuri. Barua ya kwanza ya Siwatu ilirudishwa kwa kukosa heshima. Ya pili ilirudishwa kwa kuwa na heshima iliyozidi, ikashukiwa ni dhihaka. Ya tatu ikapokelewa siku ya hamsini.

Ngazi ya pili ilikuwa Kamati ya Maelewano. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, na haikuweza kukaa mpaka wote saba wawepo. Mmoja alikuwa amefariki mwaka juzi. Mrithi wake alitakiwa achaguliwe na kamati ikikaa.

"Kwa hiyo mtakaa lini?" Siwatu aliwauliza.

"Akija," walimjibu.

Siku ya themanini na tano Siwatu bado alikuwa kwenye benchi la Kamati. Akaona siku zake tisini zinamponyoka. Akainuka, akaenda mahakamani na ngazi yake nusu, akafungua kesi.

*

Kesi ilitajwa siku ya themanini na nane. Jaji aliingia, kola imesimama wima, na Bi Mwatumu, aliyekaa nyuma ya mwanawe, akajisikia afadhali kidogo, maana kola ile aliitia wanga yeye.

"Mlalamikaji," Jaji alisema, "umekuja mapema. Mahakama hii inampenda mtu anayewahi. Lakini wewe umewahi kupita kiasi. Hatuvuni kabla ya kupalilia, wala hatupalilii kabla ya kuomba jembe, wala hatuombi jembe kabla ya kujaza fomu ya jembe. Ngazi umemaliza?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lakini siku tisini zinaisha keshokutwa."

"Zitaisha kwa mujibu wa sheria," Jaji alisema kwa upole, "na hilo ni jambo la kujivunia. Mahakama ingeweza kuitupa kesi yako. Lakini sisi si watu wa kutupa. Tunakupa nafasi uiondoe mwenyewe, kwa hiari yako. Nenda kamalize ngazi zako."

"Nikiiondoa, Mheshimiwa, nitaweza kuirudisha?"

Jaji akamtazama karani. Karani, aliyeitwa Dibwe, akatazama dari.

"Yote yameandikwa kwenye karatasi," Jaji akasema.

Karani Dibwe akaileta. Ilikuwa ya kijani, imeandikwa mbele na nyuma, herufi ndogo kama msafara wa sisimizi. Karibu na chini, juu ya mahali pa sahihi, paliandikwa *Mwenye kesi anasema*, kisha nukta nyingi zikafuatana mpaka ukingoni. Siwatu akaishika, akaanza kusoma kutoka juu.

"Dada, unafanya nini?" karani alimuuliza.

"Nasoma."

"Unasoma karatasi ya hiari?"

Watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Karani akainama, akasema kwa sauti ya kumhurumia, "Tusichoshane, dada yangu. Faili halifungwi bila karatasi hii kutiwa sahihi, na Mheshimiwa hainuki kitini mpaka faili lifungwe. Ndiyo kanuni. Na leo kantini ya majaji ni siku ya pilau."

Bi Mwatumu alitupa macho huku na huku. Aliona Jaji anatazama saa. Aliona askari wa mlangoni amebadilisha mguu. Maisha yake yote alitia sahihi karatasi za kijani, za ufagio, za makofi, za kusimama juani, hakusoma hata moja, na ndiyo maana alikuwa hai na mashati anapata. Aliyesoma alimjua mmoja tu, mume wa shoga yake, na huyo mpaka leo anafagia barabara ambayo mwisho wake hakuna aliyeuona.

Akainuka. Akaichukua kalamu mkononi mwa karani, akaitia katika mkono wa mwanawe, ule wa kushoto, maana ndio anaoandikia.

"Tia sahihi, mwanangu, twende zetu. Usiwe mtu wa maneno."

"Mama, kuna mahali hapa pa kujaza."

"Hapo pa wasomi. Tia."

Siwatu alimtazama mama yake kidogo. Kisha akatia sahihi. Nukta zikabaki nukta.

Karani akafunga faili, Jaji akainuka, harufu ya pilau ikaingia dirishani. Mlio na watoto, hapo ndipo pa kushika. Si Jaji aliyemponza mtoto yule, wala karani. Ni mkono wa mama yake, tena kwa mapenzi.

*

Wakarudi kwenye ngazi. Sasa Bi Mwatumu alikwenda pia, kila siku, na kapu lake la nguo na pasi, maana nyumbani hakukaliki. Akikaa anasimama. Akisimama anauliza saa ngapi. Usiku akilala anaziona zile nukta, na kila nukta ina jicho.

Kwenye benchi la Kamati ya Maelewano wajumbe sita walikuwa wanamngoja wa saba, kama kawaida. Bi Mwatumu akawatazama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akashindwa kuvumilia.

"Samahanini wazee wangu," alisema. "Marehemu si aliacha koti lake hapa? Lile la kijivu. Nililipiga pasi mimi nikalileta hapa, naye hakurudi kulichukua."

Wajumbe wakatazamana.

"Lipo," mmoja akasema. "Liko stoo."

"Kanuni zinasema mjumbe awepo, au zinasema mjumbe awe hai?"

Wakafungua kanuni, wakazisoma kwa zamu. Zilisema awepo. Bi Mwatumu akalileta koti, akalipiga pasi pale pale juu ya meza, akaliweka kwenye kiti cha saba na kola yake ikasimama. Kamati ikakaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Wakamsikiliza Siwatu kwa dakika nne, wakapiga kura kwamba pande zote mbili zina haki na zirudi nyumbani. Koti liliunga mkono walio wengi. Mwenyekiti akalisifu kwa kutopoteza muda wa kikao.

Ngazi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, ilikuwa Ofisi ya Usawa. Afisa wake alikuwa mama mmoja mtaratibu, ana vikombe viwili mezani vilivyojazwa chai sawasawa.

"Karibuni," alisema. "Poleni na safari. Sitawasikiliza."

"Kwa nini, dada?" Bi Mwatumu akauliza.

"Aliyekuja jana sikumsikiliza. Na wa juzi pia. Nikimsikiliza huyu nitakuwa nimewabagua wale. Hapa ni Ofisi ya Usawa, mama."

"Kwa hiyo sisi tumekwama?"

"Hapana, mmemaliza," afisa alisema, akagonga cheti. "Mtu ambaye hakusikilizwa hapa hana tena pa kwenda, na asiye na pa kwenda ndiye aliyemaliza ngazi. Hongera sana."

Ilikuwa siku ya mia moja thelathini na moja. Siwatu alikibeba cheti kile kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto.

*

Mahakamani walimkuta Jaji yule yule na karani yule yule. Safari hii Bwana Shabuka naye alikuwepo, amevaa shati jeupe, amekuja kushuhudia haki ikitendeka kwa hiari.

Siwatu akatoa cheti. "Mheshimiwa, nimemaliza ngazi kama ulivyoniagiza. Naomba kesi yangu irudi."

"Karani," Jaji akasema, "isomee mahakama ile karatasi. Nyuma."

Karani Dibwe akaigeuza karatasi ya kijani. Ilionekana hata yeye alikuwa hajawahi kuigeuza, maana alisoma kama mtu anayepita njia mpya, polepole, huku anashangaa.

"Mwenye kesi anaweza kukataa kuiondoa," alisoma. "Akikataa, mahakama itaisimamisha kesi imngoje mpaka amalize ngazi, na siku zake hazitahesabiwa. Akikubali kuiondoa, aandike kwenye nukta neno nitarudi, na siku zake hazitahesabiwa. Asipoandika kitu, hana la kusema, na siku zake zitaendelea."



Kwa hiyo, jamani, katika karatasi zote za hiari za nchi ile, za ufagio na za makofi, ile moja ilikuwa ya hiari kweli. Aliyeiandika zamani huko alimaanisha alichoandika, pengine alikuwa mgonjwa. Siwatu angeweza kusema hapana. Angeweza kuandika neno moja. Na Bi Mwatumu, aliyemzaa na kumfungua mkono, ndiye aliyemwambia hapo ni pa wasomi. Alihisi mkono wake wa kulia, ule uliotoa kalamu, umekuwa mzito kama pasi iliyojaa makaa.

"Siku tisini zilipita," Jaji alisema. "Mlalamikaji aliondoa kesi bila la kusema. Na asiye na la kusema ameridhika."

Lakini Siwatu alikuwa bado amesimama.

"Mheshimiwa," alisema, "ile karatasi niliitia sahihi kwa mkono wa kushoto."

"Na iwe hivyo."

"Waraka wa Bwana Shabuka unasema kilichotiwa sahihi kwa mkono wa kushoto si kitu cha serikali, wala hakihesabiki. Basi kesi yangu haijaondoka. Iko pale pale, tangu siku ya themanini na nane. Na kama sahihi yangu inahesabika, basi na mihuri yangu inahesabika. Nirudisheni dirishani."

Mtu mmoja nyuma akasema "Ehee," akajifanya anakohoa. Bwana Shabuka akavuta kola. Bi Mwatumu akamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anazaliwa, hajagongwa muhuri wowote.

Jaji akafumba macho atafakari. Alitafakari sana. Baada ya muda akaanza kukoroma kidogo, na karani akaandika kwamba mahakama inazama katika sheria. Alipofumbua macho alikuwa na uso wa mtu aliyepata.

"Mahakama imetazama malezi yetu," alisema. "Kila aliyelelewa vizuri anajua mkono wa kulia ni wa kuweka, na wa kushoto ni wa kuondoa. Kwa kulia tunakula. Kwa kushoto tunaondoa yale yanayofuata baadaye. Mlalamikaji alipoutumia mkono wa kushoto kuweka muhuri, ilikuwa kosa. Lakini alipoutumia kuondoa kesi, aliutumia mahali pake hasa. Mahakama inampongeza kwa adabu hiyo. Kesi haipo."

Makofi ya hiari yakapigwa. Yalikuwa machache, yakahesabiwa haraka.

*

Karani Dibwe akaleta karatasi nyingine ya kijani. Ilikuwa ya kukubali hukumu kwa furaha.

"Hapa chini, dada," alisema. "Tumalizane."

Siwatu aliitazama tu. Alikuwa amechoka, mabega yameshuka. Mkono wake wa kushoto ukaanza kwenda kwenye kalamu wenyewe, kama mkono wa raia yeyote. Bi Mwatumu akainuka, akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Baba Dibwe, nikuulize."

"Uliza, mama."

"Hii nayo ni ya hiari?"

"Ya hiari, kama zote."

"Ya hiari kweli?"

"Imeandikwa hapo juu, mama. Kwa herufi kubwa."

"Basi hatutaki."

Karani akatabasamu kama anavyomtabasamia mtoto. "Hujaelewa, mama. Ni ya hiari."

"Nimeelewa."

"Kwa hiyo atie sahihi."

"Kwa hiyo hatii."

Tabasamu la karani likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Akamgeukia Jaji. Jaji akaagiza kanuni ziletwe. Zikaletwa vitabu vinne, vikafunguliwa. Palikuwa na kifungu cha anayechelewa kutia sahihi, na cha anayetia sahihi pembeni, na cha anayetia sahihi kisha akafa. Cha anayesema hataki hakikuwepo. Hakuna aliyewahi kukihitaji.

"Mheshimiwa," karani alisema kwa sauti ndogo, "faili haliwezi kufungwa."

Jaji akaanza kuinuka, akakumbuka, akakaa.

"Lakini huu ni utoto," Bwana Shabuka alisema. Alikuja mbele kwa hatua ndefu. "Binti, ni jambo la nukta moja tu. Unashika kalamu hivi. Unaweka hapa. Hivi."

Akainyakua kalamu akainamia karatasi kumwonyesha, na kila mtu katika chumba kile, kuanzia askari wa mlangoni mpaka Jaji, akaona imeshikwa na mkono upi. Pindo la shati lilikuwa na wino.

Bwana Shabuka aliutazama mkono ule kana kwamba umekuja na mtu mwingine. Akauweka mfukoni, na kalamu ndani yake.

"Mheshimiwa," karani Dibwe akauliza, maana alizoea kuandika kila kinachotokea, "niandike?"

Nje kengele ya kantini ikalia. Harufu ya pilau ikaingia dirishani, ikazunguka chumba, ikakuta hakuna anayetoka. Nyuma, kwenye mabenchi, palikuwa na watu wengine waliokuja na mambo yao, kila mmoja na karatasi yake ya kijani mapajani. Kwanza ikasikika moja ikigeuzwa. Kisha nyingine. Halafu zikawa nyingi, kama majani makavu upepo ukianza, na watu wakaanza kusoma upande wa nyuma, midomo ikitembea.

Bi Mwatumu akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya themanini na nane hakuuliza saa ngapi. Aliitazama kola ya Jaji. Aliitia wanga mwenyewe alfajiri ile, na alijua kwenye shingo inayotoka jasho namna hii unahimili muda gani. Ncha ya upande wa kushoto ilikuwa imeanza kulala.

"Mama, sasa tunafanya nini?" Siwatu alimnong'oneza.

"Kaa, mwanangu," Bi Mwatumu alisema, akamsogezea khanga ya pili. "Ule wanga nimeutia mimi. Haufiki alasiri."